Nyumba Inayomchelewesha Mgeni

Nyumba kongwe za mawe za Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu, hazijitangazi kwa mpita njia. Kwa nje ni ukuta mrefu uliopigwa chokaa, hauna roshani ya kukaliwa, na vitundu vyake vya hewa viko juu kuliko kichwa cha mtu. Ukuta wa jirani uko mkabala, karibu kiasi kwamba punda mwenye shehena akipita, watu hubana ubavuni. Mtu aliyelelewa kuamini kwamba jengo zuri ni lile linalopendeza likitazamwa kutoka barabarani ataukata mtaa mzima bila kugundua kwamba ameipita mojawapo ya kazi bora za sanaa ya pwani hii.

Nataka kuisoma nyumba hiyo kwa umbo lake: nini kimetangulia nini, nini kimerudiwa, nini kimefichwa na kwa muda gani. Siku hizi ipo taaluma inayoitwa usanifu wa tajriba. Wenye taaluma hiyo hulipwa kupanga kile atakachokihisi mteja tangu anapovuka mlango wa hoteli, benki au makumbusho, wakipima mwanga, harufu, sauti, urefu wa kiti na umbali wa kaunta. Mafundi waliojenga Mkomani, hasa katika karne ya 18, walikuwa na ujuzi huo, na majina yao mengi hayakuandikwa popote. Wao walikitumia chombo kimoja kuliko vyote. Walisanifu kuchelewa. Nyumba yao humchelewesha mgeni hatua kwa hatua, na kila hatua humbadilisha yeye na humbadilisha mwenyeji.

Hatua ya kwanza ni daka. Ukuta wa mtaani unakatwa, sehemu inaingia ndani kama kijichumba kisicho na ukuta wa mbele, na humo zimejengwa baraza mbili za mawe zinazotazamana. Nyuma yake ndio mlango wa mbao wenye nakshi, mbawa mbili na mfaa katikati. Itazame daka kwa makini: ina paa, kwa hiyo si njia, haina mlango wa kuifunga, kwa hiyo si nyumba. Aliyekaa pale yuko kivulini mwa mwenye nyumba na wakati huohuo yuko machoni pa mtaa. Baraza kutazamana nako kuna kazi yake. Watu wawili waliokaa katika daka hawawezi kukwepana macho. Wapo karibu kiasi cha kuzungumza kwa sauti ya chini, na anayepita njiani, akiwa karibu vilevile, hana budi kutoa salamu na kujibiwa. Jiwe limeitengeneza adabu hiyo kabla mtoto hajafundishwa.

Humo daka mwenye nyumba aliweza kumpokea mtu asiyemjua, akazungumza naye habari za bei na majahazi, akampa kahawa, akaagana naye, na mtu yule akaondoka akijiona amekaribishwa bila ya kuingia. Huu ni uvumbuzi mkubwa wa kijamii. Nyumba nyingi za leo zina majibu mawili tu kwa mtu aliyesimama nje: ama aingie sebuleni, ama abaki getini juani. Daka ina jibu la tatu, na hilo la tatu ndilo linalohitajika mara nyingi zaidi katika maisha ya kawaida. Wengi wanaotujia hawahitaji kuiona sebule yetu. Wanahitaji pahali pa kukaa wakati wanasema walichojia.

Unguja, katika Mji Mkongwe, jambo hili limechukua sura nyingine. Baraza imetoka nje ya mlango, ikajengwa ukutani kuufuata mtaa, na inakaliwa na yeyote: mchuuzi, mzee anayesubiri adhana, wanafunzi, wacheza bao. Kona ya Jaws, pale wanapokusanyika watu kwa kahawa na siasa, imekuwa maarufu kwa sababu hiyo. Huko Mombasa mwanaanthropolojia Kai Kresse, katika kitabu chake cha mwaka 2007, aliyachukua mazungumzo ya barazani kuwa ni falsafa kamili, akayasikiliza kwa uzito huo. Naipenda baraza ya Unguja kwa ukarimu wake. Lakini kwa upande wa umbo naiona daka ya Lamu kuwa kazi ya juu zaidi, maana baraza ya Unguja inawakutanisha watu wa mtaa wao kwa wao, na daka inafanya hivyo huku ikikianza kisa kingine kinachoelekea ndani.

Hodi ikishaitikiwa, mgeni huvuka kizingiti na kuingia tekani, ukumbi mdogo ulio nyuma ya mlango. Hapa msanifu anafanya jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha. Njia inapinda. Mlango wa nje ukiwa wazi kabisa, aliye mtaani haoni kitu isipokuwa ukuta wa tekani. Jicho limekatwa, sauti haikukatwa. Hodi inapenya kona, inafika kiwandani, yaani uani mwa nyumba, na jibu la “karibu” linarudi kwa njia ileile. Surat An-Nur, aya ya 27, inawataka waumini wasiingie katika nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na wengi wetu tumefundishwa kwamba mtu akipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa, arudi zake. Tekani ni amri hiyo ikiwa imejengwa kwa chokaa. Inatoa nafasi ya kusubiri, na muhimu zaidi inawapa walio ndani dakika yao: mtandio uchukuliwe, mazungumzo yabadilishwe, mtoto afutwe pua, mkeka utandikwe. Mgeni naye anapata dakika yake. Anateremsha sauti, anavua viatu, macho yake yanaliacha jua na kuzoea kivuli. Stara, ambayo tumezoea kuihubiri kama tabia ya mtu, hapa imepewa vipimo vya ukuta na kona.

Kutoka tekani ngazi hupanda, kwa kuwa katika nyumba nyingi za ghorofa familia ya mwenye nyumba ilikaa juu. Halafu ghafla mwanga. Kiwanda kiko wazi juu, mbingu yote inaingia mara moja, na baada ya giza la ngazi mtu hujikuta amesimama kidogo bila kuambiwa. Kiwanda ndicho chanzo cha mwanga wa nyumba nzima. Kila chumba kinachofuata kinapokea mwanga wake kutoka hapo, na kinachobaki ndicho kinachopita kwenda chumba cha nyuma yake. Mgeni wa kiume mara nyingi safari yake iliishia karibu na hapa. Aliyestahili kulala alipewa sabule, chumba cha wageni kilichopangwa ili atunzwe vizuri bila ya kukutana na mambo ya ndani.

Wale wachache walioruhusiwa waliendelea, nasi tuendelee nao. Mbele ya kiwanda kuna msana wa tini, nyuma yake msana wa yuu, na nyuma yake ndani. Ni vyumba vyembamba na virefu vilivyolala sambamba, kimoja nyuma ya kingine. Kati ya misana hakuna milango ya kufungwa. Kuna mianya mipana iliyotundikwa mapazia. Sakafu hupanda kidogo unapotoka mmoja kwenda mwingine. Ncha za msana ziliwekwa vitanda virefu vya kupandia, navyo vikasitiriwa kwa pazia, hivyo pahali pa kulala palitengwa kwa kitambaa tu ndani ya ukumbi uleule wa kukaa mchana.

Kwa nini vyumba ni vyembamba? Jibu liko mikokoni. Dari la nyumba ya Lamu hubebwa na boriti za mkoko, na boriti haiwezi kuubeba uzito wa mawe na chokaa ikiwa imenyooshwa zaidi ya mita 3 hivi. Mara nyingi ni chini ya hapo. Basi upana wa chumba uliamuliwa na mti. Fundi angeweza kuurefusha msana atakavyo, lakini hakuweza kuupanua. Anayejua ushairi wetu anaielewa hali hii vizuri: mizani imeshawekwa, na ufundi wa malenga huonekana katika yale anayoyafanya ndani ya mizani hiyo. Mafundi wa Lamu waliupokea wembamba usiokwepeka wakaurudia mara tatu, na kwa kuurudia wakapata kina. Mtu anayesimama kiwandani na kutazama mbele anaona mwanya, nyuma yake mwanya, nyuma yake mwanya, kila mmoja ukiwa na kivuli kizito kuliko uliotangulia. Chumba kimoja kikubwa chenye eneo lilelile kisingempa hisia hiyo ya umbali. Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji hadi Oman, Bahrain na Kuwait, na huko Ghuba nako vyumba vya zamani vikawa vyembamba kwa sababu ileile. Watu wa pande mbili za bahari walilala chini ya upana mmoja, uliokatwa kwenye mikoko ya pwani moja.

Sasa lifikirie pambo. Katika majengo mengi duniani pambo huwekwa mbele, pale linapoonwa na watu wengi. Lamu mpangilio huu umegeuzwa. Ukiacha mlango na daka, nyumba inaanza ikiwa tupu na inazidi kupambwa kila unapoingia zaidi. Msana wa tini una nakshi chache za plasta mianyani. Msana wa yuu una zaidi. Huko nyuma, mahali ambapo mwanga umebaki kidogo na wageni wamebaki wachache zaidi, ndipo ukuta unapojaa zidaka: safu juu ya safu za vidaka vyenye matao madogo, vilivyochongwa na kufinyangwa kwa plasta, vikawekwa sahani na bakuli za Kichina, misahafu, marashi. Weupe wa chokaa unakusanya mwanga wote uliosafiri kutoka kiwandani. Vidaka vina kina, kwa hiyo kila kimoja kina kivuli chake, na ukuta mzima unaonekana kama unapumua kwa mwanga na giza. Nilipokaa mbele ya ukuta wa aina hiyo katika nyumba ya makumbusho mjini Lamu, nilijikuta nimenyamaza kwa muda, na wenzangu wote walikuwa wamenyamaza. Hakukuwa na kibao cha kutaka utulivu.

Mpangilio huu unasema jambo kuhusu thamani. Kizuri kabisa hakikuwekwa ili watu wakione. Kiliwekwa kwa ajili ya wale waliokwisha kupendwa. Mtu aliyefika mbele ya zidaka alikuwa amepita daka, mlango, tekani, ngazi, kiwanda na mapazia, na kila kimoja kilikuwa na mtu aliyemruhusu. Uzuri aliouona pale ulikuwa umeshachanganyika na kuaminiwa. Sijui jengo jingine la pwani linalofunga hisia hizi mbili pamoja kwa ustadi kama huu.

Mtafiti Linda Donley-Reid, katika maandishi yake ya mwaka 1990 na ya kabla yake, aliisoma nyumba hii kwa namna inayouongezea uzito ukuta huo. Nyuma kabisa kuna nyumba ya kati, chumba kilichohusishwa na uzazi na kuoshwa kwa maiti. Kwa maoni yake, zidaka na vyombo vya Kichina viliwakinga wakaaji na husuda na vilevile na hatari ya yale yaliyotokea katika chumba hicho. Huenda mtu asikubaliane na kila kiungo cha hoja yake. Lakini kiumbo hoja hiyo inalingana na ninachokiona: pambo zito limewekwa pale pale maisha yanapoingia na yanapotoka. Mtoto wa nyumba hii alizaliwa mahali pa ndani kuliko pote, na maisha yake yalikuwa safari ya kuelekea nje, msana baada ya msana, mpaka barazani kwa wazee. Mgeni huisoma nyumba kutoka daka kwenda ndani. Mwenyeji ameisoma kinyume.

Hapo ndipo uhakiki unapolazimika kuuliza nani alibaki wapi. Kama nyumba hii inasanifu kuruhusiwa, basi inasanifu kunyimwa pia. Chini ya ghorofa ya familia walikaa watumwa, pamoja na bidhaa. Wao ndio waliopanda ngazi mara nyingi kuliko mtu yeyote, tena bila hodi, na wingi wao wa kufika ndani haukuwapa haki yoyote ya humo. Wanawake wa tabaka la waungwana waliumiliki uzuri wa ndani na waliishi wamezungukwa nao. Juu ya baadhi ya vichochoro kuna wikio, chumba kinachovuka njia kikiunganisha nyumba mbili, na kwacho mwanamke aliweza kufika kwa ndugu zake bila kuikanyaga njia. Ni umbo zuri sana: linatoa kivuli kwa anayepita chini na uhuru kwa anayepita juu. Uhuru huo ulikuwa na ukubwa wa wikio. Siwezi kuisifu ile dakika moja ya tekani, iliyowapa wanawake nafasi ya kujiandaa, halafu nikanyamazia ukweli kwamba ukuta uliowapa dakika hiyo ndio uliowahesabia miaka. Umbo ni moja. Linafanya kazi zote mbili kwa mawe yaleyale, na heshima tunayoihisi tukipita humo leo ilijengwa na mikono ya watu walionyimwa heshima.

Ukitaka kuona namna nyingine ya kutawala hisia, rudi Unguja, Forodhani, uifikirie Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1883. Kila kitu kilielekezwa nje: nguzo ndefu, veranda pana zilizozunguka, mnara wa saa, na taa za umeme zilizowashangaza watu wa wakati ule. Jengo lilisimama mbele ya bahari na kumwambia aliyewasili kwa meli nani ana mamlaka. Sehemu yake ilipoporomoka Desemba 2020, huzuni ilikuwa ya mji mzima, kwa sababu lilikuwa la macho ya mji mzima. Nyumba ya Mkomani ikianguka, wanaolia ni wale waliokuwa wakiruhusiwa ndani.

Mfano unaonisumbua zaidi uko mwendo mfupi kutoka hapo, Michenzani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Mapinduzi ya Zanzibar yalipotaka kuwapa watu wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, makazi bora, wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki walisaidia kuchora mji mpya, na yakasimama maghorofa marefu kando ya barabara mbili pana zinazokutana kwenye mzunguko. Nia ilikuwa ya haki na sitaidharau: maji ya bomba, umeme, vyumba imara kwa watu ambao wakoloni hawakuwajali. Ila nyumba za Ng'ambo zilizobomolewa kupisha majengo hayo zilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma. Zilikuwa ndogo, za udongo, nyingine za makuti au bati, na bado zilikuwa na mpangilio uleule wa kupokea mtu kidogo kidogo. Katika ghorofa, ngazi ya wote inaishia kwenye mlango, na nyuma ya mlango ndiyo familia. Mpangilio wa hatua umepunguzwa ukabaki hatua moja. Wakazi walijibu kwa njia yao: walishuka chini, wakaketi kando ya majengo kwenye chochote kinachokalika, wakaanza upya mazungumzo. Mtu akipita pale jioni anaona baraza ambazo hazikuwamo katika mchoro.

Lamu yenyewe iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kabla ya hapo, mwaka 1986, Francesco Siravo na Ann Pulver walikwisha kuutengenezea mji mpango wa uhifadhi unaoheshimika hadi leo. Kuta nyingi zimesalia kwa juhudi hizo. Ninachokihofia ni kile kinachotokea nyuma ya kuta. Katika baadhi ya nyumba zilizogeuzwa kuwa za kulala wageni nilizowahi kuingia, ukuta wa tekani umetobolewa ili kiwanda kionekane kutoka mlangoni, kwa sababu kiwanda chenye mimea na mito ya rangi humvutia mpita njia. Zidaka zimehamishiwa mapokezi, au zimeigwa kwa plasta mpya nyuma ya meza ya kujiandikisha, zikiwa na taa za umeme ndani ya kila kidaka. Plasta ni safi, nakshi zimekatwa kwa uangalifu, na fundi anastahili ujira wake. Lakini mgeni anapewa cha mwisho kabla ya cha kwanza. Anakiona akiwa bado na jua machoni na begi mkononi, anapiga picha, anauliza neno la siri la intaneti.

Kwa hiyo nadhani orodha za uhifadhi zinapaswa kuandikwa upya. Ziache kuhesabu milango na zidaka kila kimoja peke yake, ziandike njia: kutoka barazani mpaka ukuta wa ndani, ni vizingiti vingapi, wapi jicho linakatwa, wapi mwanga unabadilika, sakafu inapanda wapi. Mwenye nyumba anayetaka kubomoa ukuta wa tekani aulizwe kwa uzito uleule anaoulizwa anayetaka kuuza mlango wa nakshi. Na wale wanaochora maghorofa mapya ya Kisauni, Mikindani na Kariakoo, ambako ardhi ni ghali na kila mita ya mraba ina bei, wasiambiwe warudishe zidaka. Waombwe kitu cha bei nafuu zaidi: karibu na kila mlango wa familia, upana wa ngazi uongezwe kiasi cha kutosha viti viwili vya saruji vinavyotazamana, na mlango wenyewe ufunguke kuelekea ukuta, usifunguke kuelekea sebule.